Suti Haipimwi kwa Mwili wa Babu

Mama yeyote aliye na kijana wa kuvalishwa suti na asome hapa mpaka chini, kwa sababu yaliyompata Kalondu wa Kathiani yanaweza kumpata yeyote mwenye mapenzi mengi na subira kidogo.

Kalondu alikuwa mama wa maharagwe na avokado, mtu wa kulima wiki nzima na kuuza siku ya soko. Mume wake alikuwa Masinga na nyavu zake za samaki, na simu yake ya huko hushika inapotaka yenyewe. Mtoto wao wa kwanza, Wesley, alikuwa weta katika hoteli moja ya Mavoko, zile hoteli ambazo watu hula wakiwa wamefunga tai na wanaongea polepole kama wako kanisani. Wesley alikuwa amebeba sahani za watu hawa tangu amalize shule. Sasa nafasi ya msimamizi wa ukumbi wa jioni ilikuwa imebaki wazi, na meneja wao, mwanamke mmoja aitwaye Tracy asiyecheka ovyo, alikuwa amesema kwamba watajaribiwa wawili: Wesley, na mwenzake anayeitwa Munyao. Siku yenyewe ni Jumamosi, saa kumi, kabla ya karamu ya watu wa benki. Kila mmoja aje na suti yake mwenyewe ya dina, ile ya karamu za jioni, na imkae. Tracy hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Kijana aliyejaribiwa kabla yao alikuja na koti linalopwaya, akaambiwa arudi tu kubeba sahani, na maneno yakaishia hapo.

Wesley alimpigia mama yake akamweleza yote. Akamtumia pesa kwa simu amwekee, maana pesa ikikaa Mavoko huota miguu. Mpango wake ulikuwa mzuri: Jumamosi asubuhi afike, waende pamoja kwa mitumba ya Machakos mjini, ajaribu suti mwenyewe, fundi apunguze pa kupunguza, na saa kumi awe kazini amesimama.

"Mwaitu, usininunulie," alisema. "Shika hizo pesa tu. Suti ni mwili."

"Nimesikia, vava," Kalondu akajibu.

Na kweli alisikia. Lakini kusikia ni kazi ya masikio, na moyo wa mama hauna masikio.

Hilo neno vava ni baba kwa Kikamba, kama mwaitu ni mama, na mtu asishangae mama kumwita mtoto wake baba. Jina la nyumbani la Wesley ni Kioko, na Kioko ndilo jina la babu yake, baba mkwe wa Kalondu. Kwetu mtoto akipewa jina la mzee, ni mzee amerudi kwa mlango mwingine. Kalondu mwenyewe hakuwahi kulitamka jina hilo hata siku moja, kwa sababu mke wa mtu hamtaji baba mkwe wake. Alimwita mzee vava, na mtoto naye vava, na wote wawili wakaitika. Wageni wakija nyumbani walikuwa wanasema, huyu mtoto ni yule mzee mtupu, mabega ndiyo hayo, miguu ndiyo hiyo, hata kukohoa anakohoa kama yeye. Maneno hayo Kalondu aliyasikia miaka yote mpaka yakakaa ndani yake kama ukweli wa mvua na jua.

Sasa Jumatatu jirani yake Kamanthe akaja kuazima ungo, na Kamanthe ni mtu ambaye akiazima kitu lazima aache habari. Akasema mwisho wa wiki hiyo kuna harusi tatu Machakos, na mchungaji mmoja anawekewa mikono, na vijana wote wanatafuta suti nyeusi. Akasema mpaka ifike Jumamosi, kwa mitumba kutakuwa kumebaki suti za rangi ya ndizi mbivu. Kisha akachukua ungo akaenda zake, akamwacha mwenzake na moto kifuani.

Kalondu hakupika vizuri siku hiyo. Alimwona Wesley amesimama mbele ya Tracy na suti ya rangi ya ndizi. Alimwona tena na suti nyeusi, lakini fundi amekataa kuishona kwa sababu Jumamosi watu ni wengi. Akaanza kuongea peke yake pale jikoni, anagombana na fundi ambaye hata hajamwona. Na baba mkwe wake, mzee Kioko, alikuwa hapo nje amekaa kwa kigoda anachonga mpini wa jembe, na mzee huyu akitaka kusikia kitu husikia hata kikiwa Katangi.

"Mtoto yuko kazini," mzee akasema bila kuinua macho. "Lakini Kioko si yuko hapa?"

Kalondu akasimama na mwiko mkononi. Yeye mwenyewe asingethubutu kumwomba mzee wa watu aende kujaribishwa nguo sokoni. Lakini mzee amejitolea, na maneno yake yameingia mahali pao. Mwili si ni ule ule? Watu wote si wanasema? Basi akamshukuru kwa adabu, na kesho yake asubuhi wakashuka mjini, mzee mbele na fimbo yake, Kalondu nyuma na pesa za mtoto zimefungwa kwa pindo la leso.

Kibanda walichoelekezwa kilikuwa cha mtu mmoja aitwaye Shaaban, ambaye huuza suti peke yake, hachanganyi na sketi wala mapazia. Alizaliwa Machakos, lakini babu yake alitoka pwani na biashara, na Kiswahili chake kilikuwa bado na chumvi. Kando yake, chini ya turubai hilo hilo, mke wake Zamzam alikuwa na cherehani. Mume anauza, mke anapunguza, na mteja anatoka amevaa.

Shaaban aliwakaribisha, akauliza wanataka suti ya shughuli gani, ya harusi, ya mahakama, au ya kwenda kuombea mkopo. Kalondu akasema ya dina. Shaaban akafurahi, akasema hiyo ndiyo bibi harusi wa suti zote, na juzi tu amefungua belo la mitumba akazitoa za kamera, zile za kwanza kuchaguliwa, kabla mtu mwingine hajatia mkono.

Akatoa ya kwanza. Nyeusi tii. Kalondu akaipitisha kidole gumba kwenye kola, akaona inang'aa, akairudisha.

"Hii imechomwa na pasi," akasema.

Shaaban akatoa ya pili. Kalondu akaangalia kola, akatikisa kichwa. Ya tatu, hivyo hivyo. Akamwambia Shaaban kwa huruma kwamba aliyemuuzia belo hilo amemwonea, maana hao wazungu walikuwa na mfanyakazi mmoja mbaya sana wa pasi, amewachomea zote mahali pamoja.

Shaaban alicheka mpaka akashika meza. Akamwita Zamzam aje asikie. Alipopata pumzi alieleza kwamba huo mng'aro ndio suti yenyewe: kola ya suti ya dina hufunikwa na satini, na kwa pembeni ya suruali hupita utepe wa kitambaa hicho hicho, na bila hivyo ni suti ya karani tu. Kalondu naye akacheka, lakini kwa kando, kwa sababu mzee alikuwa hapo.

"Haya, na mwenye suti ni nani?" Shaaban akauliza.

"Ni huyu," Kalondu akasema, akaonyesha kwa kidevu.

"Anaitwa nani mzee wetu?"

Hapo pakawa pagumu. "Anaitwa kama mtoto wangu," Kalondu akasema.

"Na mtoto anaitwa nani?"

"Kama huyu mzee."

Shaaban akamtazama Zamzam, Zamzam akamtazama Shaaban. Mtu wa mjini atajuaje mambo hayo? Labda alijiuliza mzee wa fimbo anakwenda dina gani, lakini mwenye duka haulizi mteja anakula wapi. Na Kalondu naye hakusema uongo. Alisema vile wanavyosema kwao. Ni vile tu ukweli wa Kathiani ulifika Machakos ukiwa umevaa nguo nyingine.

Mzee akapelekwa nyuma ya pazia la kitenge. Hapo ndipo mambo yaliharibika kabisa, na sababu yake ni nthoni. Nthoni ni ile haya ya wakwe. Mwanamke hamshiki baba mkwe, hamkazii macho, na kumwona akivaa suruali ni jambo la kuitishiwa wazee. Kwa hivyo Kalondu aligeuka akaangalia barabara, mgongo kwa pazia, macho kwa mama anayeuza vikoi ng'ambo, na suti ikanunuliwa kwa kuulizwa.

"Muulize kama mabega yamekaa," akamwambia Shaaban.

"Mabega yamekaa, mzee?"

"Yamekaa mpaka yamelala," mzee akajibu.

"Muulize mikono."

Mzee akasema mikono inamfunika vidole. Suruali akasema anaikanyaga. Mgongoni akasema koti limemvuta kidogo, kama mtu anayeitwa na nyuma. Kalondu akashangaa, kwa sababu hiyo suti aliichagua kwa kukumbuka urefu wa mzee. Lakini alikumbuka urefu gani? Alikumbuka yule mwanamume aliyekuja kwao kuleta mbuzi za mahari, aliyeinama mlangoni ili aingie. Tangu siku hiyo alimheshimu, na kumheshimu ni kutomtazama. Miaka ikaenda, mzee akakunjwa na umri kama blanketi linavyokunjwa asubuhi, magoti yakalegea, mgongo ukaanza kuangalia mawingu, na Kalondu hakuona hata kidogo. Alikuwa anampikia kila siku mtu aliyemwona mara ya mwisho yeye mwenyewe akiwa msichana.

Zamzam akaja na tepu na pini mdomoni. Akauliza apunguze namna gani.

"Imkae," Kalondu akasema, bado anaangalia vikoi. "Isipwaye hata kidogo. Kuna mtu alirudishwa kwa sababu ya kupwaya."

"Nikunje ndani, au nikate?" Zamzam akauliza. "Nikikunja, siku moja inaweza kufunguliwa. Nikikata, basi."

Kalondu akafikiria Tracy akiinama kuangalia pindo nene la suruali. Akafungua mdomo aseme ikunjwe, akasita. Mzee akamjibia kutoka nyuma ya pazia.

"Kata, mama. Kitambaa cha nini kutembea nacho?"

Zamzam akauliza mara ya pili, kama fundi mwenye utu anavyofanya. Kalondu akasema mzee akishasema amesema. Makasi yakalia. Mikono ikakatwa, miguu ikakatwa, mshono wa mgongoni ukafumuliwa ukaachiwa nafasi ya kibyongo, mbele pakafupishwa na kubanwa. Adhuhuri ilipofika, Zamzam alivuta pazia, na kila mtu wa upande ule wa soko akasimama kuangalia. Isipokuwa Kalondu. Alisikia tu watu wakisema alaa, na mama wa vikoi akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajua kwamba suti imekaa.

Kuvuliwa ndiko kulikuwa shida. Mzee alisema anazunguka kidogo, nguo ipate upepo. Akawaamkia wauza viatu, akawaamkia wauza nyanya, akamwamkia askari wa kaunti ambaye alimwitikia kwa saluti. Kalondu alimfuata kwa mbali akimwomba Shaaban amwombe avue. Na hata walipofika nyumbani, kila jioni mzee aliitisha suti aivae kidogo, akisema wasiiache ikasahau mwili.

Jumamosi Wesley alifika mapema. Kalondu alikuwa amemwambia kwa simu apitie nyumbani kwanza, kuna kitu. Suti ilikuwa imetundikwa ukutani chini ya kalenda, na yeye Kalondu amevaa gauni la kanisani kana kwamba ni yeye anayejaribiwa. Wesley aliona ile suti, akaishika kola. Akasema satini nzuri. Akaenda chumbani, na Kalondu akakaa kwenye ukingo wa kiti akisikiliza.

Alipotoka, hata kuku waliokuwa mlangoni walirudi nyuma.

Suruali ilikuwa imesimama juu ya vifundo, soksi zote nje kama za mtoto wa chekechea. Mikono ya koti ilikuwa imeaga viganja zamani, inaelekea viwiko. Mbele kifungo hakikufika kwa mwenzake. Na mgongoni kulikuwa na mfuko mtupu umesimama peke yake, kana kwamba koti limebeba mtoto na mtoto ameshuka.

"Mwaitu," Wesley akasema. "Hii ilipimwa kwa nani?"

Mzee Kioko akajibu kwa niaba ya Kalondu, kutoka pale mlangoni, bila haya yoyote. Akasema ilipimwa kwa Kioko. Kisha akamwangalia mjukuu kwa makini kama mtu anayeangalia ng'ombe wa kununua, akatoa ushauri wake.

"Shida si suti. Shida unasimama vibaya. Kunja magoti. Inama. Haya, toa shingo mbele."

Wesley, kwa sababu alikuwa amechoka na hakujua afanye nini, akakunja magoti, akainama, akatoa shingo. Na lo, suti ikakaa. Mikono ikafika, suruali ikagusa kiatu, mfuko wa mgongoni ukajaa. Kwa dakika moja nzima Kalondu alifikiria kama msimamizi wa ukumbi anaweza kufanya kazi usiku kucha akiwa hivyo. Watu wa benki wangejua nini?

Mzee akaja akasimama kando ya mjukuu wake kumwonyesha vizuri. Wesley akajinyoosha. Na hapo, kwa sababu walikuwa pamoja mbele yake na hakuna pazia, Kalondu akamtazama baba mkwe wake. Kichwa cha mzee kilifika kwapani mwa kijana. Mabega yale waliyosema ni hayo hayo, moja lilikuwa limeshuka. Akaona mikono iliyokauka, na miguu ambayo hata ikiwa imesimama ilikuwa inataka kukaa. Akaona haya, akaangalia chini, lakini alikuwa ameshaona.

Wesley hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alikaa chini na suti yake fupi, akaangalia saa ya simu, akasema polepole kwamba Munyao huenda sasa hivi anapiga viatu rangi.

"Twende," Kalondu akasema. "Sasa hivi. Twende kwa huyo mtu."

Mzee naye akasema anaenda. Walipomwambia apumzike, akauliza mwili wa kwanza utaachwaje nyuma.

Shaaban alipowaona wakija watatu, na kijana mrefu katikati amebeba suti kwa mkono, alielewa kabla hawajafika. Akafunika uso kwa kiganja. Akamwambia Kalondu kwa upole, mama, si nilikuuliza mwenye suti ni nani? Kalondu akasema uliuliza. Zamzam akaigeuza suti ndani nje, akaonyesha pindo: hakuna kitambaa. Kilichokatwa kimekatwa, na cherehani haioteshi nguo. Kalondu akaomba basi airudishe, achukue nyingine, hata kwa hasara. Shaaban akamwangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa wa jirani.

"Nitamuuzia nani, mama? Mjini hapa hakuna mwingine mwenye mgongo kama huu. Hii suti ina mwenyewe."

Pesa ya mtoto imekwisha, na jua linapanda. Kalondu alikuwa ameanza kufikiria avokado zote zilizoko mtini ambazo bado hazijakomaa, wakati mzee Kioko alipokohoa. Akasogea kando, akainama, akatoa kitambaa kilichofungwa mafundo, ndani kuna zile pesa za wazee za serikali ambazo hazijawahi kuonekana na mtu zikitoka. Akazihesabu akiwa amewapa watu mgongo, wasione. Akampa mjukuu wake.

"Suti ni ya Kioko," akasema. "Kioko amelipa. Wewe nunua yako."

Kalondu akamtazama tena, mara ya pili siku hiyo. Mzee huyu alibeba pesa zake zote tangu asubuhi, siku ya kusindikiza tu? Na ni nani alisema kata? Maswali yakamjaa mdomoni, lakini nthoni ni nthoni, huwezi kumuuliza baba mkwe kama alikutega. Akayameza moja moja. Mzee alikuwa ameshaichukua suti mkononi kwa Zamzam, anaipangusa vumbi.

Sasa kutafuta. Harusi zilikuwa zimepita na suti, Kamanthe kwa hilo hakudanganya. Ya satini ilibaki moja, na ingewatosha Wesley wawili na mzigo wao. Kalondu akasema wapunguze hiyo. Zamzam akakataa. Akasema suruali hupunguzwa, mikono hupunguzwa, kiuno hupunguzwa, lakini mabega yakikataa usibishane nayo, rudisha. Shaaban akatoa suti nyingine, nyeusi ya kawaida, ya karani, bila mng'aro hata kidogo, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Wesley akaivaa. Akainua mikono. Zamzam akampa beseni la vifungo alibebe juu kama trei, akalizungusha kibanda kizima, akainama kumwekea babu yake sahani isiyokuwepo. Mabega hayakusogea.

"Lakini haing'ai," Kalondu akasema.

Zamzam akavuta mfuko chini ya meza. Yeye hushona mabuibui ya wanawake wa mjini, na mabuibui ya sherehe huwa na satini nyeusi mikononi na kifuani. Mabaki yake alikuwa nayo ya kutosha. Akakata vipande viwili vya kola, akavibandika kwa pini, akashona kwa mkono pale ambapo cherehani ingeacha alama, kisha utepe mwembamba kwa pembeni mwa suruali, juu mpaka chini. Kalondu alisimama nyuma yake akimuuliza kila mara kama atamaliza, mpaka Zamzam akampa sindano tatu azitie uzi, na zote zikamshinda, akaacha kuuliza. Shaaban akatafuta tai ya kipepeo kwa kopo la vitu vidogo, akaipata, akaitupa juu kama nyongeza.

Kazi ilipokwisha, Wesley akaingia nyuma ya pazia. Kalondu, kwa mazoea, akageuka akaangalia barabara.

"Mwaitu," Wesley akasema. "Geuka. Mimi ni mtoto wako."

Akageuka. Akaanza na mabega, kama alivyofundishwa na Zamzam. Bega limeishia pale bega la mtu linapoishia. Shati limechungulia kwa mkono wa koti, upana wa kidole kimoja tu. Kifungo kimefungwa na kitambaa hakijakunja uso. Suruali imelala juu ya kiatu mara moja, haikujikusanya. Akamzunguka, akamshika mgongo kwa viganja vyote viwili, kwa sababu huyu ni halali kumshika, na hapakuwa na mfuko wala mvuto. Akamtoa uzi mmoja begani ambao haukuwepo.

"Enda," akasema. "Usikalie avokado za watu ndani ya gari."

Jioni hiyo simu haikulia. Kalondu aliiweka mbele yake, akaichaji ikiwa imejaa, akaizima na kuiwasha. Akajiambia karamu ni ndefu, watu wa benki hula polepole. Asubuhi bado haijalia. Akaenda kanisani nayo ndani ya Biblia.

Na kanisani siku hiyo neno la Mungu lilipata taabu, kwa sababu mzee Kioko aliingia ibada ikiwa imeanza. Kola inang'aa, utepe umeshuka mguuni mpaka kwa kiatu, na kwa vile hakuwa na tai ya kipepeo alikuwa amefunga utepe wa zawadi ya Krismasi. Alitembea mpaka mbele kabisa. Wakati wa sadaka alitoa mara mbili, kidogo kidogo, ili apite mara mbili. Kamanthe akamgusa Kalondu kwa kiwiko akauliza suti kama hiyo mtu anapata wapi, na Kalondu alikuwa anatafuta jibu wakati Biblia ilipoanza kutetemeka mapajani mwake.

Alitoka nje mbio, akasimama kando ya tangi la maji.

"Mwaitu, nimepewa," Wesley akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala na hataki kulala. Akaeleza kwamba Tracy alimzunguka kama anavyozunguka meza, akashika kola, akamwambia ainue mikono, akasema tu, wewe simama mlangoni. Na mlangoni ndipo msimamizi husimama.

Kalondu akakaa chini juu ya jiwe na gauni lake la kanisani. Akamshukuru Mungu, akamshukuru Zamzam, akamtaja na Shaaban. Kisha, kabla furaha haijashuka vizuri, wasiwasi mwingine ukapanda.

"Na huyo Munyao?"

Wesley akasema Munyao alikuja na koti limembana mpaka hawezi kuweka sahani mezani bila kushikilia kifungo. Kifungo kikatoka wakati wa supu. Hakikumpata mtu, lakini wote walikisikia kikianguka.

"Suti hiyo alinunuliwa na nani?"

"Sasa mwaitu, mimi nitajuaje?"

"Muulize," Kalondu akasema. "Na kama ni mama yake, mpe namba yangu anipigie. Leo, wiki ijayo, hata kama ni usiku. Kuna mambo mtu anafaa kuambiwa."